Mkwe wa Nakhungu na Mlango wa Maji

"Uso wako, Mama! Uso wako ndio umetufukuza kazi!"

Sellah alisema hivyo akibwaga sufuria katikati ya jiko la mama yake, na kuku aliyekuwa akiatamia pembeni akatoka mbio, mayai akayaacha.

"Uso wangu umekosa nini?" Nakhungu aliuliza, na kwenye kigoda hakuinuka. "Ndio huu huu marehemu baba yako aliuona akatoa ng'ombe. Hakulalamika."

"Usinichekeshe. Leo usinichekeshe, Mama."

"Ati nakuchekesha? Mimi mwenyewe nimecheka lini?"

"Mume wangu amefukuzwa. Nyumba ya kambi tumetolewa. Vyombo vyangu viko kando ya barabara pale darajani, mbuzi za watu zinakojolea blanketi. Na ni kwa sababu wewe uliamka jana, ukapanda mpaka mlango wa maji, ukamwonyesha mkweo uso!"

"Nilienda kutafuta maji."

"Na ulipata?"

Nakhungu alichukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokuwa pamekwisha kufagiwa.

Watu wa Kamukuywa walilicheka jambo lile hata wengine wakashikwa na kichomi. Ati mwanamke mzee amemfukuza mkwewe kazini bila kumgusa wala kumsemesha! Lakini aliyecheka sana ni yule ambaye shamba lake lilikuwa na maji. Nakhungu hakucheka. Alijua jambo lilikotoka, na kila alipolifuata nyuma alijikuta mwenyewe amesimama mwanzo wake.

Alizaliwa Kabuchai, akaolewa Kamukuywa wakati treni inafika Kitale kwa mara ya kwanza. Mumewe Wanjala alikuwa akiendesha ng'ombe wa plau kwa setla mmoja huko mbele ya Kitale. Siku moja Wanjala alirudi nyumbani akisema ameona maji yanatembea ubavuni mwa kilima kama ng'ombe waliofunzwa, hayateremki, yanaambaa tu mpaka shambani. Wazee waliokuwa wamezunguka chungu cha busaa wakamnyang'anya mrija, wakasema huyu leo ametosheka.

Mwaka uliofuata ule wa nzige, Wanjala na mkewe walianza kuchimba. Hawakuwa na chombo cha kupimia wala mtu wa kuwafundisha. Walichimba kidogo, wakayaruhusu maji ya mto yaingie, wakakaa kitako kuyatazama yanataka nini. Yakienda, waliongeza. Yakisimama, walirudi nyuma wakachimba upya. Mahali pa mchanga walisiliba kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na kinyesi cha ng'ombe, na penye mwamba walizunguka. Siku maji yalipofika shambani, Wanjala alilala kifudifudi akayanywa kama ndama, na Nakhungu akamwagia mengine mgongoni, wakacheka peke yao kule bondeni kama watu walioiba.

Basi kiangazi kila mtu akiwa na vumbi, Nakhungu alikuwa na kabichi. Wako watakaokuambia kabichi zake zilikuwa kubwa hata sungura aliingia ndani ya moja akiwa mtoto akatoka na wajukuu, na kwamba moja ilipelekwa Bungoma stesheni ikakataliwa mpaka ipewe behewa lake. Tupunguze kidogo. Zilikuwa kabichi kubwa. Wanawake walitoka Misikhu kuja kuzinunua zikiwa bado ardhini, wakizifunga majani ya migomba ili wengine wajue zimeshachukuliwa.

Wanjala alikufa msimu wa mvua, kwa homa ya mapafu, baada ya kushinda majini akiziba ukingo uliobomoka. Alimwachia mkewe mtoto mmoja wa kike, Sellah, na mfereji. Alimwachia pia mashemeji, na mkubwa wao, Zachary, alianza kupita bondeni kila wiki akitazama tu, mikono nyuma. Mjane asiye na mtoto wa kiume hukaa juu ya ardhi kama ndege juu ya tawi. Lakini shamba lililokuwa kijani wakati mengine yote yamekauka, na mikono ya mwanamke mmoja ndiyo iliyoonekana ndani yake, hakuna aliyethubutu kusema halina mwenyewe. Maji yale ndiyo yalikuwa mume wake, wakili wake na mtoto wake wa kiume. Yakikatika, Zachary angeingia. Hilo Nakhungu alilijua kama anavyojua njia ya kwenda kisimani.

Sellah alipokua aliolewa na Jairus, kijana wa Kabuchai, mrefu, mpole, mtu wa kanisa. Na kwao mkwe na mama mkwe hawaonani. Wakikutana njiani, mwanamume huingia kichakani, mwanamke hugeuka akajifunika kitambaa, na kila mmoja humngoja mwenzake apite. Wakiwa wote wawili na adabu nyingi, jua linaweza kuwachwea hapo hapo. Likiwako neno la lazima, mama mkwe humwambia kuku kwa sauti kubwa, na mkwe aliye nyuma ya ukuta husikia. Nakhungu alikuwa na kuku mmoja aliyejua habari za ukoo kuliko liguru, mkuu wa kijiji.

Mambo hayo yana mwisho wake. Mtoto wa kwanza akishazaliwa, mkwe huleta mbuzi wa kusalimiana. Mbuzi akipokewa na kuchinjwa, basi wanapeana mikono, wanaweza kukaa jiko moja wakala kama watu.

Sellah alipojifungua, Jairus alileta mbuzi.

Nakhungu alimtazama kwenye tundu la ukuta. Mbuzi alikuwa amekonda hata ukimsimamisha juani hapati kivuli. Kupe walikuwa wamemhama wakitafuta maisha. Na juma lile lile, jirani yake alikuwa amepokea kwa mkwe wake beberu mwenye ndevu kama za padri, na blanketi juu yake.

"Wewe kuku," Nakhungu alisema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto, "mwambie aliyemleta mgonjwa huyu kwamba hapa si hospitali."

Waliokuja na Jairus walicheka, hawakuweza kujizuia. Jairus alikuwa amemfuga mbuzi yule mwaka mzima wa ukame akimkatia majani kwa mkono. Alimfungua, akarudi naye Kabuchai kwa miguu. Baadaye alimwambia Sellah kwamba siku mama yake atakapotuma neno, ataleta mwingine. Nakhungu hakutuma neno. Kutuma kungekuwa ni kukiri kwamba alikuwa amekosa, naye alikuwa bado hajapata nafasi ya kukosa.

Vita vya pili vilipokwisha, upande wa juu wa mto, kule mashamba ya Kitale yanakopakana na watu wa Kamukuywa, akaja setla mpya. Watu walimwita Bwana Mluzi kwa sababu alipiga mluzi mchana kutwa, hata akila. Alitaka kupanda kahawa, na kahawa ilitaka maji. Akajenga ukuta wa mawe na simiti kuvuka mto, na upande mmoja akaweka mlango wa mbao zinazopangwa moja juu ya nyingine. Mbao zikishushwa zote, mto wote unageuka kuingia mfereji wake. Ukiinuliwa ubao mmoja, sehemu yake inarudi njia yake ya zamani kwenda kwa watu wa chini. Akahitaji mtu wa kukaa na mbao zile mchana kutwa. Jairus akapata kazi.

Nakhungu alifurahi, hilo asidanganye mtu. Sokoni alisema, "Mlango wa mto uko mkononi mwa mkwe wangu. Nani tena atanitia kiu?"

Mvua zikinyesha, hakuna anayeuliza mbao. Kisha ukaja mwaka ambao mawingu yalikusanyika juu ya Mlima Elgon kila jioni kama wazee wa baraza, yakanong'ona, yakaondoka. Bwana Mluzi akaamuru mbao zote zishushwe na zibaki chini. Nyapara wake, Kibiwott, alipita kila siku kuhakikisha. Chini ya ukuta, mto ukawa mawe na mashimo ya maji ya kijani.

Nakhungu alimtuma Sellah kwa mumewe. Ubao mmoja tu. Nusu ubao. Jibu lilirudi lile lile: Jairus anasema hawezi, mbao zimetiwa chokaa pembeni, ukiinua ubao hata kidogo alama inakatika na Kibiwott anaona.

"Kuku," Nakhungu alisema siku hiyo, "kuna watu walinyimwa moyo wakapewa miguu mirefu."

Malalamiko yalifika kwa chifu, yakafika Kitale. Likatoka neno kwamba mkubwa wa maji atakuja mwenyewe kupita mtoni. Wakhungu, aliyekuwa liguru wa kijiji, alipita akitangaza boma kwa boma. Kila mwenye mahali anapochota au anapomwagilia asimame pale pale siku hiyo. Mkubwa akifika, mtu ataje jina lake kwa kinywa chake. Hakuna kusemewa na mwingine, maana huko Kitale walikuwa wamechoka na watu waliowasemea marehemu. Ukitaja jina lako, kigingi cheupe kinapigwa ardhini mbele yako. Wenye vigingi, ubao utainuliwa kwa ajili yao asubuhi fulani fulani. Asiye na kigingi, maji hayamjui.

"Kwa kinywa changu mwenyewe?" Nakhungu alimuuliza Wakhungu.

"Kwa kinywa chako, mama. Na nitamwambia akusikilize, hicho kinywa kinajulikana."

Siku hiyo ilipofika, Nakhungu alioga kabla jogoo hajasema. Alivaa gauni la kanisani, akasimama katikati ya kabichi zake zilizoanza kusinyaa, karibu na mlango wa mfereji wa Wanjala. Alikuwa ameyapanga maneno. Mimi ni Nakhungu mke wa Wanjala. Mfereji huu tuliuchimba wawili. Aliyarudia hata yakawa matamu mdomoni.

Aliwaona wakitokea kwenye kona ya mto. Mbele mkubwa wa maji, mtu mfupi mwenye soksi ndefu. Kisha mkalimani. Kisha Wakhungu. Na nyuma yao, mtu mrefu amebeba mzigo wa vigingi vyeupe begani, nyundo mkononi. Nani anaujua mto ule kuliko mlinzi wa mlango? Ndiye aliyepewa kuvibeba.

Nakhungu hakufikiri. Mwili ndio uliofikiri. Alijitupa kwenye nduma, akalala chini ya majani yale mapana, uso kwenye matope, gauni la kanisani na yote. Na Jairus alipoona majani yakitikisika na kipande cha gauni alilolijua, naye aliangusha vigingi akageuka kuutazama mlima.

"Mwenye shamba hili ni nani?" mkalimani aliita.

Akaita mara ya pili.

"Wewe, okota vigingi," mkalimani alimwambia Jairus. Jairus akaviokota akitembea kinyumenyume, na mkubwa wa maji akamtazama kama mtu anayetazama ng'ombe mwenye kichaa.

"Yuko mwenyewe, bwana," Wakhungu alisema. "Yuko, lakini amejificha."

"Kwa nini amejificha?"

"Mkwe wake ndiye ameshika nyundo."

Mkalimani alitafsiri. Jinsi alivyotafsiri hakuna ajuaye, lakini mkubwa wa maji alisema maneno machache, na mkalimani akayageuza: mtu mwenye haki hajifichi. Atakayejificha ni yule aliyeiba maji.

Nakhungu aliyasikia kule chini ya majani. Kinywa kile kilichozoea kusema na ng'ambo ya mto kilijaa matope. Maneno aliyoyapanga yalikuwa pale pale, mimi ni Nakhungu mke wa Wanjala, na kilichomtenga nayo ni kuinuka tu. Mtu anaweza kuinuka kama nyumba inaungua. Lakini kuinuka mbele ya mkwe, akakuona uso kwa uso, na mbuzi hajachinjwa? Alimfikiria mbuzi yule. Alimwona wazi kabisa, mbavu kwa mbavu, na pale chini ya nduma alionekana mnene kuliko beberu wa jirani.

Miguu ikaondoka. Alisikia nyundo ikipiga kigingi kwa jirani, halafu kwa mwingine, halafu mbali.

Siku zilizofuata alichimba shimo kwenye mchanga wa mto, akakaa akingoja maji yajikusanye, akayateka kwa kibuyu, akayabeba kwa mtungi mpaka shambani. Kabichi moja ilikunywa mtungi ikaomba mwingine. Asubuhi walipopewa maji wenye vigingi, yalipita mbele ya mlango wa mfereji wake na liguru akasimama pale kuangalia asiyaguse. Wakhungu hakuwa mtu mbaya. Alitazama pembeni muda wote, na hilo lilimwumiza Nakhungu kuliko kama angemtukana. Vitunguu vilikufa kwanza, kimya kimya. Kabichi zilichukua muda. Zilifungua majani yake moja moja, zikalala wazi kama mikono ya watu waliochoka kuomba.

Zachary akaanza kupita mara mbili kwa wiki.

Nakhungu alikuwa sokoni Misikhu, bila kitu cha kuuza, alipogeuka kichochoro akakutana na Jairus ana kwa ana. Jairus aliruka. Aliruka rundo la viazi vitamu na mama aliyekuwa akiviuza, akaangukia kwenye kuni, akainuka akapotea. Kofia yake ilibaki hewani, maana wanaosimulia wanasema ilitua baadaye. Wanawake walicheka wakashika mbavu. Nakhungu alijifunika kitambaa chake, na chini ya kitambaa kile akaanza kufikiri. Mtu yule ananikimbia. Popote nilipo, yeye hawezi kuwapo. Na mtu asipokuwapo mlangoni, mlango una nani?

Ndivyo alivyopanda mpaka mlango wa maji asubuhi ile. Alibeba jembe. Hakujifunika. Alitembea katikati ya njia ya ng'ombe, kichwa juu, kama bibi harusi asiye na aibu. Jairus alikuwa ameketi juu ya ukuta akichonga mwiko. Aliinua macho, akaona mama mkwe wake anamjia mchana kweupe, uso wazi, haonyeshi dalili ya kugeuka. Akasimama. Akatazama kulia, maji. Kushoto, mawe makavu chini kabisa. Nakhungu akazidi kuja. Jairus aliruka akaingia kwenye miiba ya ng'ambo, na miiba ikafunga nyuma yake.

Ubao ulikuwa mzito, umevimba kwa maji. Nakhungu aliuchokonoa kwa jembe, akaning'inia kwenye mpini kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi siku hizo. Ukalia, ukapanda. Maji yakatoka chini yake kwa kishindo, ya kahawia, yana povu, yakarukia mto wake wa zamani.

Nakhungu hakungoja. Alishuka nayo. Mwanzoni alikimbia asiyafikie. Kisha yakaanza kupungua mwendo, maana mto mkavu una kiu kuliko watu. Kila shimo lilitaka kujaa kwanza. Kila mchanga ulikunywa. Yakawa yanatambaa, yakisukuma mbele yake majani makavu na wadudu, na Nakhungu akatembea mbele yake kinyumenyume akiyaita kama anaita ndama: njoo, njoo, njoo basi. Jua lilipanda. Aliyavusha kwenye mawe ya kufulia. Aliyavusha kwenye mti ulioanguka. Alipofika kwenye mlango wa mfereji wa Wanjala alipiga magoti akafungua kwa mikono, na ulimi mwembamba wa maji ukaingia, ukalowesha udongo wa kichuguu ukawa mweusi, ukasogea mbele kidogo.

Ukasimama.

Alitazama nyuma. Mto ulikuwa unang'aa, halafu haung'ai. Kule juu kulikuwa na mtu aliyeshusha ubao.

Alikaa pale akiutazama ule weusi ukirudi kuwa mwekundu, hadi pakawa pakavu kana kwamba hapakuwahi kulowa. Shamba lilikuwa pale tu, angeweza kulitupia jiwe.

Jairus alikaa miibani muda wote huo. Angetokaje? Kama mama mkwe bado yuko ukutani, je? Alingoja asikie nyayo zake zikiondoka, na kelele za maji zilifunika nyayo. Kibiwott alipofika alikuta ubao juu, mwiko uliochongwa nusu, na hakuna mtu.

"Unajua alimwambia nini Kibiwott?" Sellah aliuliza sasa, bado amesimama katikati ya jiko. Hasira ilikuwa imemtoka sauti ikabaki kavu. "Aliulizwa, ulikuwa wapi? Akasema nilikuwa nimelala."

"Amelala? Na miiba mwilini?"

"Kibiwott akamwambia, wewe Jairus hulali, hata padri akihubiri hulali. Taja aliyefungua. Akasema nilikuwa nimelala. Akaitwa Bwana Mluzi mwenyewe. Nilikuwa nimelala. Hakukutaja, Mama. Angesema tu 'ni yule mama wa chini', wangekuja kukushika wewe, yeye angebaki na kazi yake."

Ufagio wa Nakhungu ulisimama.

"Mjinga," alisema polepole.

"Ni adabu."

"Ndiyo hiyo ninayosema."

"Na ubao umetiwa kufuli. Umetiwa mnyororo na kufuli, na ufunguo Bwana Mluzi ameufunga kiunoni. Hata wale wenye vigingi wameambiwa wangoje mpaka mvua. Kijiji kizima, Mama. Nimepita njiani wanawake hawaniamkii."

Hilo Nakhungu alikuwa hajalijua. Alirudi kwenye kigoda akaketi, na alipoketi alionekana mdogo, kama nguo iliyovuliwa.

"Zachary amekuja leo," alisema. "Amefunga fahali wake katikati ya kabichi. Nikamwambia, shemeji, huo ni mlango wa mfereji wa ndugu yako, fahali anaukanyaga. Akaniuliza, mfereji gani? Akaniuliza kwa upole kabisa, Sellah. Mfereji gani. Nikatafuta la kumjibu." Akatazama mikono yake. "Mimi, nikakosa la kumjibu."

Sellah alikaa chini kwenye udongo. Kuku alirudi kwenye mayai yake akikwaruza udongo.

"Jairus yuko wapi?" Nakhungu aliuliza.

"Darajani, analinda vyombo."

"Aende kwao Kabuchai."

"Ndugu zake waligawana shamba wakati yeye yuko huku. Alipouliza fungu lake wakamwambia, wewe si una mto mzima? Kwao hakuna. Kambini hakuna. Na hapa kwa mama wa mke wake hawezi kukanyaga. Nikuulize wewe, alale wapi? Mtini?"

"Mwambie..." Nakhungu alianza, akakwama. Miaka yote ile alikuwa amemwambia Jairus mengi, na yote alimwambia kuku. "Mwambie alete mbuzi yeyote. Hata yule yule."

"Mbuzi gani, Mama? Tumebaki na sufuria hii."

"Basi mwambie nimesamehe mbuzi."

"Umesamehe?" Sellah alicheka kicheko kibaya. "Wewe ndiye umesamehe?"

Hapo Nakhungu akawaka. Ilikuwa rahisi kuwaka kuliko kuomba msamaha.

"Na yeye je? Kila kosa ni langu? Mwanamume mzima, mrefu vile, anaruka miibani kwa sababu ameona bibi kizee na jembe! Kwani mimi nina meno? Angesimama! Angenitazama tu hivi, aniambie, mama, hapana, rudi nyumbani. Ningerudi! Wallahi ningerudi, Sellah. Siku ile ya vigingi pia, angesimama pale na nyundo yake aseme, mama, inuka, mimi nimefumba macho, inuka useme jina lako. Nani angekufa? Lakini yeye ni kukimbia, ni kugeukia mlima, wala hajawahi hata siku moja kuwa na moyo wa kusimama mbele yangu akani..."

Mlango ulisukumwa. Hakuna aliyekohoa nje wala kubisha hodi. Jairus aliinama kuupita mwimo, akanyooka katikati ya jiko, mikwaruzo ya miiba usoni, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi, mikono mitupu, bila mbuzi. Hakumtazama mke wake. Alimtazama Nakhungu usoni, wala hakugeuka.

Mkono wa Nakhungu ulikwenda kichwani kutafuta kitambaa, ukakosa, ukabaki pale juu.

"Baba wa..." Sellah alianza kumwita mumewe, asimalize jina la mtoto.